Hiyo nyeusi kwenye pamba si uchafu

"Shikamoo mwalimu. Niko Tukuyu. Baba yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa mfanyakazi wa reli ya TAZARA, na ametuachia sanduku la santuri kama sitini. Chache ni nzito sana, hizo zilikuwa za babu aliyekwenda machimbo ya Afrika Kusini kwa Wenela, wale walioandikisha wachimbaji. Zimeandikwa Gallotone. Moja ina jina la Mwenda Jean Bosco, jina la wimbo limefutika nusu, linasomeka '...sanga'. Nyingine ni ndogo, za bendi za Morogoro na Dar. Kuna moja kubwa ya Michael Jackson, Thriller, na kaseti za rap za miaka ya tisini ambazo ni za kaka. Jamaa mmoja anataka zote kwa laki moja na nusu. Rafiki yangu anasema niuze, nibaki na Thriller tu, maana hiyo ndiyo iliyobadilisha muziki wa dunia. Hizo nyingine ni za kuiga na zote zipo YouTube. Nimeanza kuzifuta kwa pamba na spiriti, inatoka nyeusi kabisa, uchafu wa miaka sitini. Je, nimsikilize? Nitajuaje ipi ina maana?"

Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Kamwene kutoka Kihesa, Iringa. Kabla hatujafika kwa Michael Jackson, hiyo spiriti iweke chini sasa hivi. Hiyo nyeusi inayotoka kwenye pamba, kwa zile santuri nzito za babu, si uchafu. Ni santuri yenyewe inayeyuka.

Santuri za zamani zilizozunguka mara 78 kwa dakika hazikutengenezwa kwa plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa mdudu mdogo anayepatikana India na nchi jirani, ukachanganywa na unga wa mawe na rangi nyeusi. Utomvu huo ndio mafundi seremala huuloweka kwenye spiriti kutengeneza polishi ya makabati. Nenda kwa fundi yeyote wa zamani hapo Tukuyu umuulize spiriti inafanya nini kwenye polishi iliyokauka. Atakucheka. Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa hasara, nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, nilipoamua kumfurahisha mjomba kwa kumsafishia santuri zake. Upande mmoja niliufuta vizuri, ukatoka umefifia kama ubao wa shule. Tulipoupiga tulisikia mvua kwenye bati, na mbali sana ndani ya mvua hiyo mtu akiimba. Mjomba hakunigombeza. Aliirudisha kwenye mfuko wake wa karatasi na hakuipiga tena mbele yangu.

Kwa hiyo: santuri nzito zifute kwa kitambaa laini kikavu au brashi laini, ukifuata mizunguko ya mifereji, si kuikata. Najua Rungwe kuna mvua kuliko karibu kote nchini, na ukungu hauna adabu. Ukiona madoa ya ukungu tumia maji safi yenye tone moja la sabuni ya vyombo, usiloweshe karatasi ya katikati, kisha kausha papo hapo kwa kitambaa. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na usiziweke jikoni juu ya dari ambako moshi na joto hufika. Zile za plastiki, yaani ndogo na ile kubwa, ni ngumu kidogo kuziharibu, lakini nazo hazihitaji spiriti yako.

Sasa tuje kwa rafiki yako. Hajakosea yote. Thriller ilitoka mwishoni mwa mwaka 1982, ikakaa namba moja Marekani kwa wiki 37, na kati ya nyimbo zake 9, nyimbo 7 ziliingia kumi bora. Kabla yake, televisheni ya muziki ya Marekani, MTV, ilikuwa haiwapi nafasi wanamuziki weusi isipokuwa kwa nadra. Video ya Billie Jean ndiyo iliyousukuma mlango. Tangu hapo mwanamuziki asiyejua kucheza mbele ya kamera amekuwa na kazi ngumu, na hilo linawahusu hata vijana wetu wa leo wanaotumia fedha nyingi kwenye video kuliko kwenye wimbo. Hayo ni mabadiliko ya kweli, sitayapunguza.

Ila nakuomba ufanye jambo moja. Tafuta mtu mwenye mashine ya santuri, weka Thriller upande wa kwanza, wimbo wa kwanza kabisa. Usiusikilize mwanzo. Subiri hadi karibu na mwisho, pale waimbaji wanapoanza kurudiarudia maneno yasiyo ya Kiingereza, mama-se, mama-sa, ma-ma-ko-sa. Hayo yametoka Kamerun. Mwaka 1972 Kamerun walikuwa wenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango, mpiga saksafoni, akarekodi wimbo wa kuishangilia timu. Upande wa pili wa santuri ile akaweka kitu cha kujazia nafasi, akakiita Soul Makossa. Makossa ni ngoma ya Douala. Wimbo wa timu umesahaulika. Upande wa pili ulifika New York, ukaangukia mikononi mwa madijei wa kumbi za usiku, watu wakaugombania madukani, na ukaingia kwenye chati za Marekani mwaka 1973. Wengi huutaja miongoni mwa nyimbo zilizoizaa disko. Michael Jackson alipoyachukua maneno yale bila kuomba, Dibango alidai haki yake na wakamalizana nje ya mahakama. Kwa hiyo hata hiyo santuri moja ambayo rafiki yako anakuruhusu ubaki nayo ina Mwafrika ndani yake.

Kosa la rafiki yako ni kupima mabadiliko kwa mauzo. Mauzo yanakuambia ni wangapi walisikiliza. Hayakuambii wapigaji walifanya nini asubuhi yake, na mimi hapo ndipo ninapoangalia. Je, baada ya wimbo huu wapiga gitaa walibadilisha vidole? Waimbaji walibadilisha lugha? Bendi zilibadilisha mpangilio? Wakati mwingine ushahidi uko wazi mno. Solomon Linda na wenzake walirekodi Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939, na aina nzima ya uimbaji wa kwaya za wanaume wa Kizulu ikaitwa mbube kwa sababu ya wimbo huo mmoja. Wimbo ukifikia kuwa jina la aina ya muziki, hapo hakuna ubishi.

Na babu yako alikuwa kwenye njia hiyohiyo. Watu wanaona Nyanda za Juu Kusini kama pembeni ya muziki, eti muziki ulikuwa Dar na Morogoro. Mimi siafiki. Vijana wa Rungwe, Kyela na Njombe walikwenda machimbo ya kusini, wakarudi na blanketi, sanduku la bati na, aliyebahatika, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Santuri za Gallotone zilitoka Johannesburg. Hizo za babu hazikuja kwa meli kupitia Dar es Salaam. Zilipanda kutoka kusini pamoja na wachimbaji.

Hiyo inayosomeka "...sanga" yenye jina la Mwenda Jean Bosco, kama ni Masanga, basi ndiyo santuri nzito kuliko zote sandukuni, na sizungumzii uzito wa kilo. Mwenda alikuwa kijana wa Katanga, Kongo. Mwaka 1952 mtafiti Hugh Tracey alimkuta Jadotville, mji unaoitwa Likasi siku hizi, akamrekodi akiwa peke yake na gitaa kavu. Mwenda alitumia vidole viwili, gumba na cha shahada. Gumba linashikilia besi kama mtu anayetwanga bila haraka, na kidole cha shahada kinacheza wimbo juu yake, kinachelewa kidogo, kinawahi kidogo. Mtu asiyeambiwa huapa kuwa magitaa ni mawili. Na Mwenda aliimba Kiswahili, Kiswahili cha Katanga kweli, lakini mtu wa Tukuyu alielewa bila mkalimani.

Mjomba wangu yule wa santuri alijifunzia hapo. Gramafoni za mkono zina kijiti cha kuongeza na kupunguza kasi. Alikuwa anakivuta hadi sauti inazama kama ya ng'ombe mgonjwa, analegeza nyuzi za gitaa lake zikutane na sauti hiyo, halafu anainua sindano na kuirudisha palepale, mara kumi, mara ishirini, mpaka anapata vidole viwili vinafanya nini. Akishapata anarudisha kasi. Redio haikukupa nafasi hiyo; wimbo ukipita umepita, unasubiri bahati ya kesho. Santuri ilikubali kuulizwa swali lilelile usiku kucha. Ndiyo maana nasema santuri chache zilizofika kijijini zilibadilisha upigaji kuliko saa nyingi za redio, na ndiyo maana upigaji wa vidole wa Katanga ulisambaa Afrika Mashariki yote, hadi magharibi ya Kenya, kwa watu ambao hawakuwahi kumwona Mwenda.

Katika suala la "kuiga" rafiki yako ana nusu ya ukweli, nayo tumpe. Tangu miaka ya 1930 kampuni ya His Master's Voice iliuza Afrika mfululizo wa santuri za Kilatini, maarufu kwa herufi GV, na ya kwanza kabisa ilikuwa na El Manisero ya Don Azpiazú. Rumba ya Kongo na muziki wa dansi wa kwetu umetokea hapo. Salum Abdallah wa Morogoro hakuona aibu kuiita bendi yake Cuban Marimba. Waliiga, naam. Lakini walichoiga kilikuwa na damu ya Kiafrika iliyopelekwa Kuba kwa minyororo, na walipokigusa hawakukiacha kilivyo. Mwaka 1960, Joseph Kabasele na African Jazz yake wakiwa Brussels wakati wa mazungumzo ya uhuru wa Kongo, waliitumia rumba hiyohiyo kutangaza uhuru katika Indépendance Cha Cha, na bara zima likacheza siasa. Ukisikiliza gitaa la Dk. Nico mle ndani, Kuba imebaki jina tu.

Zile santuri ndogo za baba zinazunguka mara 45 kwa dakika. Angalia nyingi zao: wimbo mmoja umekatwa vipande viwili, upande huu sehemu ya kwanza, upande huu sehemu ya pili. Kila upande unabeba dakika chache tu, na bendi za dansi zilipiga nyimbo ndefu. Kwa kawaida upande wa kwanza una masimulizi, taratibu, mtu analia shida zake. Ukigeuza unakuta chemko, magitaa yanajibizana na waimbaji wanataja mtindo wa bendi. Nyimbo nyingine zilikatwa vibaya, unageuza santuri ukiwa katikati ya sentensi. Lakini bendi zenye akili ziliitumia kasoro hiyo, zikawa zinajenga wimbo zikijua mahali ambapo msikilizaji atainuka kitini kugeuza.

Kama kuna Mbaraka Mwinshehe humo, wa Morogoro Jazz au baadaye Super Volcano aliyoianza mwaka 1973, hizo zitenge. Morogoro Jazz walifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Kwa maoni yangu, Mbaraka ndiye aliyelifanya gitaa la solo liwe mwimbaji wa pili katika wimbo wa Kiswahili. Kabla yake solo lilikuwa linapamba, kwake linajibu. Alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Hapo sasa ndipo ninapomjibu rafiki yako kuhusu YouTube. Bendi zetu zilirekodi kwenye studio ya Redio Tanzania, lakini santuri nyingi zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa hadi 1983, na njia ile ikaziba. Nyimbo nyingi za miaka iliyofuata zilibaki kwenye mikanda ya redio, na nakala zilizozagaa ni kaseti iliyorekodiwa kutoka kaseti nyingine. Hapa Iringa tulikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kukata almasi, ikiimbwa na mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mji mzima ulikuwa unaijua. Tafuta leo rekodi yao iliyo safi uone utakavyohangaika. Kwa hiyo ukisikia "zote zipo", uliza zipo katika hali gani, na jina lililoandikwa pale ni la mpigaji kweli au la aliyepandisha tu.

Kaseti za kaka nazo usizitupe kwa sababu ni mpya kuliko nyingine. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliweka maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa Ice Ice Baby ya Mmarekani Vanilla Ice. Kuiga tena, utasema. Lakini mlango ukafunguka: kumbe Kiswahili kinaingia kwenye rap bila kujikunja. Kisha vijana wakaacha kutafsiri wakaanza kusema ya kwao. Ukikuta humo Mr II, hasa Hali Halisi ya mwishoni mwa miaka ya tisini, hiyo ni kati ya nyimbo zilizogeuza rap kutoka fasheni ya watoto wa mjini ikawa lugha ya kusemea polisi, siasa na njaa. Nyinyi watu wa Mbeya mnamfahamu kwa jina la Sugu. Alikuwa mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020. Angalia kama vipande vidogo vya plastiki vya ukingo wa juu wa kaseti vimevunjwa, ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya, na izungushe kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuipiga, maana utepe uliokaa miaka ishirini bila kuguswa hushikana.

Kuhusu laki moja na nusu, sitakudanganya kwamba umekalia dhahabu ya Chunya. Thriller ni santuri iliyouzwa kuliko karibu zote duniani, kwa hiyo ndiyo rahisi kuliko zote kuipata nyingine. Kwa bei, ni ya mwisho sandukuni, labda iwe mpya kabisa. Santuri nyingi ndogo zenye mikwaruzo hazina soko kubwa. Zile chache zinazotafutwa ni hizo za bendi zetu na za bendi za Zambia, hasa zikiwa na mifuko yake, na mnunuzi anayetoa bei ya jumla kabla ya kusoma hata jina moja mara nyingi ameshaona anachokitaka. Huenda ni mtu mwema. Mwambie asubiri. Kaa na mama na kaka, andikeni kwenye daftari kila santuri: jina la bendi, wimbo wa kila upande, kampuni, na namba iliyochapwa kwenye karatasi ya katikati. Ukimaliza utajua unauza nini, na pengine utaamua kuuza thelathini na kubaki na thelathini. Sioni ubaya wowote katika hilo, ada za shule hazilipwi kwa kumbukumbu.

Kuna mambo usiyafanye mwenyewe. Santuri nzito za babu usizipige kwenye mashine ya kisasa yenye sindano ya kawaida, hata kama ina swichi ya 78. Mifereji yake ni mipana karibu mara tatu ya ile ya santuri za plastiki, sindano nyembamba inazama hadi chini na kukwaruza, na wewe unasikia kelele tu. Sindano ya 78 inauzwa peke yake. Na usithubutu kuweka zile za plastiki kwenye gramafoni ya babu, kama bado ipo: mkono wake mzito na sindano ya chuma vitachonga mfereji mpya mara moja. Santuri yenye ufa usiizungushe kabisa na usiibandike gundi. Ifunge kati ya makadibodi mawili umpelekee mtu anayejua, maana hata iliyopasuka huweza kunakiliwa mara moja na mkono uliozoea. Kwa kunakili, anza na mafundi wa sauti wa Mbeya mjini, lakini kwanza mwone akipiga santuri yake mwenyewe. Kwa zile za Gallotone, andika barua pepe kwa International Library of African Music, maktaba aliyoianzisha Hugh Tracey mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Waitambue namba ya santuri yako kabla hujafanya lolote. Na ukitaka kuzipandisha mtandaoni, pitia kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kumiliki santuri si kumiliki wimbo. Solomon Linda alifariki maskini mwaka 1962 huku Mbube ikizunguka dunia kwa majina ya watu wengine, na familia yake ilipata suluhu mwaka 2006 tu.

Ile ya Mwenda igeuze leo, bila kuifuta, uipige picha pande zote mbili kwenye mwanga wa dirishani, simu ukiilaza kidogo ili herufi zilizofifia zitoe kivuli. Upande wa "...sanga" niandikie namba iliyo chini ya jina. Upande wa pili niandikie kila kitu unachokiona, hata kama ni herufi mbili.